Kuta Mbili za Darasa la Wasichana

Chokaa mbichi ikimwagiwa maji hukoroma kama mtu mwenye pumu, na harufu yake hukaa kooni. Juzi jirani yangu alikuwa akitengeneza ukuta wa uani. Nikaisikia harufu ile na hasira zikanipanda, wala yeye maskini hakunikosea kitu. Wenzangu harufu za zamani huwakumbusha udi na halua. Mimi hunikumbusha darasa lililokosa paa.

Tulikuwa tukikaa Ng'ambo ya mji wa Unguja, miaka ya hamsini. Skuli ya serikali ya mtaani petu ilikuwa na vyumba vya wavulana tu. Wazee wetu walikwenda na kurudi kwa bwana mkubwa wa elimu hadi viatu vikalika visigino. Mwisho akawaambia: jengeni chumba wenyewe, mkishaezeka kabla ya masika nitakuleteeni mwalimu wa kike. Mimi nilishikilia maneno hayo kwa mikono miwili, maana nilikuwa nshaanza kuwa mkubwa, na bibi yangu mzaa baba alikuwa ameshasema kauli yake: "Siku atakayovunja ungo, mlango wa mbele asiujue tena."

Sasa sikilizeni tulivyofanya. Kwetu hakukuwa na shughuli ya wanawake iliyopita nje ya vikundi vya ngoma, na vikundi vilikuwa viwili. Mama yangu alikuwa kiongozi wa Hatuna Neno, na maneno walikuwa nayo tele. Wa pili ni Wape Salamu wa Bi Mashavu, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa wembe. Kujenga pamoja hawakuweza. Wakagawana kuta mbili za kubebea paa: Hatuna Neno ukuta wa upande wa kisima, Wape Salamu ukuta wa upande wa njia. Kila kundi na kanga zake za sare, kila kundi na fundi wake.

Mwanzo ilikuwa raha. Mama zetu walibeba mawe kwa makarai, sisi watoto tukibeba mchanga kwa pakacha, na nyimbo za vijembe zikivuka kutoka ukuta huu kwenda ule. Kazi ikenda mbio kuliko kazi yoyote ya serikali niliyopata kuiona. Ilikwenda mbio hata ikapita pale pa kusimama. Wape Salamu wakiongeza msitari mmoja wa mawe, Hatuna Neno huongeza miwili. Chokaa ilipokwisha, ukuta wetu ulikuwa umewapita wenzetu kwa kimo cha mtoto kama mimi.

Boriti zilikuwa zimeshafika kutoka Chwaka, zimekatwa kwa kuta zilizo sawa. Zikawekwa, hazikufika.

"Mama zangu," fundi wetu akasema, "toeni misitari michache upande huu, kesho tunaezeka."

Bi Mashavu alikuwa amekalia karai upande wa pili, anajipepea. "Watoe tu. Na sisi tutakuja kuwapigia vigelegele wakiteremka."

"Jiwe letu haliteremki," mama akasema. "Wao ndio wapandishe."

"Kwa chokaa gani, Bi Zuwena?" fundi akamuuliza.

"Hilo naulizwa mimi?"

Nikamvuta kanga. "Mama, na skuli?"

"Skuli haina miguu. Itakimbilia wapi?"

Fundi akafunga vifaa vyake. Wanaume wa mtaa walijaribu kusuluhisha wakashindwa, kisha nao wakaanza kubishana nani alikuwa na haki. Masika ikatukuta hapo. Ule ukuta wa Wape Salamu ulikuwa na udongo mwingi kuliko chokaa, ukavimba, ukalala njiani. Mwalimu alipelekwa mtaa mwengine. Bwana wa elimu akasema watu wa kwetu hawataki kusomesha watoto wa kike. Haukupita mwaka, nikavunja ungo, na bibi akafanya kama alivyosema.

Nilimchukia mama kimyakimya muda mrefu. Nilipoolewa ndipo nikaanza kupita Mji Mkongwe na buibui langu, nikaiona skuli ya wasichana ya huko, madirisha yake, paa lake, kengele yake. Nikamuuliza mwenyeji wangu mama zao walibeba mawe ya wapi. Akacheka, akidhani natania. Huko hakuna mama aliyebeba hata kokoto. Pale nikafahamu kuwa tulitwishwa kazi ya serikali, na tulipoiangusha tukaambiwa hatutaki.

Na mama nilimfahamu. Ngomani ndipo mahali pekee alipopata kushinda katika maisha yake, na mtu aliyezoea kushinda mahali pamoja hupeleka ushindani wake kila mahali. Nimemfahamu, lakini roho yangu haijatulia.

Siku niliyompeleka binti yangu wa kwanza skuli, mwalimu alinisukumia kalamu, akaniambia, "Bi, andika jina la mtoto hapa." Nyuma yangu wamesimama wazazi wengine, wanangoja. Nikairudisha kalamu mezani.

"Andika wewe, mwanangu," nikamwambia mwalimu. "Mimi nitakutajia."