Mtani Aliyeandikwa Mrundi

Kila nchi ilikuwa na rangi yake. Kadi za wazawa zilikuwa nyeupe, za watu wa Kenya buluu, za Wanyasa kijani, na za Warundi manjano. Kazi yangu, katika shamba la chai juu ya Muheza, njia ya kwenda Amani, ilikuwa kuzitunza kadi hizo ndani ya masanduku ya bati zisiingie ukungu. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kampuni ilikuwa na mashamba katika nchi nyingi, na makao makuu yake yalikuwa ng'ambo. Huko walikaa watu ambao hawajawahi kuliona jani la chai likiwa mtini, lakini wao ndio waliopanga mishahara ya wote, kila nchi kwa sheria yake: huyu akatwe hiki, yule alipiwe nauli ya kurudi kwao mkataba ukiisha. Rangi ikikosewa huku kwetu, mtu alihesabiwa kule kwa sheria ya wengine. Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Nilikuwa msichana pekee ofisini na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha.

Baba yangu, Mshambaa wa upande wa Zirai, alikuwa nyapara wa wachumaji shamba hilohilo. Mtu wake wa karibu kuliko wote alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyechochea moto wa kukaushia chai kiwandani. Huyo alifika milimani angali kijana, kwa miguu, wazazi wake wakiwa wameshakufa. Wanyamwezi na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za misafara, na wawili hao waliushika utani kama wengine wanavyoishika dini. Baba alimwita mtumwa wake. Yeye alijibu kwamba babu yake aliwanunua Washambaa wote kwa bonge la chumvi na bado anadai chenji. Mimi nikimwamkia shikamoo, aliitikia, "Marahaba, mali yangu," kisha akaniuliza lini nitaanza kumbandikia maji ya kuoga.

Mgeni angedhani ni ugomvi. Lakini mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria yenyewe, na mtani ndiye anayekuzika. Anaingia msibani hajabisha hodi, anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Bila yeye watu huzika, lakini msiba unabaki mzito vifuani.

Kadi zilipoandikwa mara ya kwanza mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nilisimuliwa mara nyingi, maana ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Wafanyakazi walipangwa mstari, na karani, mtu wa mbali asiyemjua yeyote, akamuuliza kila mmoja kwao ni wapi. Baba alisimama kando ya meza. Zamu ya mtani wake ilipofika, baba alimwahi: "Huyu mwandike Mrundi. Tulimwokota njiani hana hata nguo." Mstari wote ukaangua kicheko. Karani akauliza kama ni kweli.

Mtu asiye wa kwetu atashangaa kwa nini mzee yule hakukataa. Asingeweza. Kubishana na mtani mbele za watu ni kukiri kwamba amekuumiza, na hiyo ndiyo aibu. Akasema, "Ni kweli, bwana, na huyu unayemwona ndiye mpishi wetu kule," akabonyeza dole gumba chini ya jina lake. Siku hiyo Warundi walikuwa wanagawiwa mablanketi, naye akapewa lake, la kijivu lenye mstari mwekundu. Walilichekea blanketi lile miaka na miaka. Siku hizo mshahara ulikuwa uleule kwa wote, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kubadili rangi ya kadi.

Baada ya Azimio tukaambiwa shamba litachukuliwa na serikali. Kampuni ikataka ifunge hesabu zake kabla haijaondoka. Wazawa wangehamishiwa kwa mwajiri mpya. Wageni wangemaliziwa haki zao na kurudishwa, kila mtu katika nchi iliyoandikwa kwenye kadi yake. Mimi ndiye niliyetumwa kuzitoa kadi zote zisizo nyeupe. Nilipofika kwenye za manjano nikakuta jina la mtani wa baba.

Hakuwa na kwingine kokote. Mkewe alizikwa nyuma ya kambi, na kila Ijumaa mzee alipalilia kaburi hilo kwa mikono, jembe hakulitaka. Alichotaka ni kubaki, afe, azikwe pale. Nilikwenda kwa karani mkuu nikamweleza. Alinisikiliza huku anasafisha miwani, akasema kadi inasema Mrundi na dole ni lake. Kama anakana, alete barua ya mtemi wa kwao. Watemi serikali ilikwisha kuwafuta, na yeye alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Nilitoka bila kuaga.

Ofisa wa kampuni alipokuja kutoka Tanga kukagua, baba alivaa kanzu na koti lake la Iddi akaenda ofisini, mtani wake nyuma yake. Ofisa alikuwa kijana wa Kitanzania, mwenye adabu. Aliinuka kitini akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," baba akasema. "Nimekuja kwa ajili ya huyu. Si Mrundi, ni Mnyamwezi. Mimi ndiye niliyesema vile, na ulikuwa utani."

"Na wewe, mzee, ni nani wake?"

Nilikuwa mlangoni na sanduku langu. Nikaomba moyoni aseme ndugu, aseme shemeji, aseme lolote. Lakini baba hakuwa amezoea kusema uongo mahali pa heshima.

"Ni mtani wangu."

Ofisa akacheka. Hakucheka kwa ubaya; alicheka kama mtu aliyesikia habari za nyumbani kwao. "Mzee, watani nawajua mimi. Juzi Mrundi, leo Mnyamwezi, kesho utaniambia ni Mgiriki." Watu wote waliokuwa barazani wakacheka. Baba akarudia maneno yaleyale, safari hii sauti ikimtetemeka, nao wakazidi kucheka, wakadhani anaigiza vizuri. Hata mzee mwenyewe alitabasamu, kwa mazoea tu. Nililichukia kila jino lililoonekana barazani siku ile.

"Bwana, anasema kweli," nikasema.

"Wewe si binti yake?" ofisa akauliza. "Utani si unarithiwa?"

Nilimkasirikia baba kuliko nilivyomkasirikia ofisa. Neno moja tu la uongo, na mtu angebaki.

Lori liliwachukua wenye kadi za manjano asubuhi yenye ukungu. Mzee alikuja na kifurushi kidogo na lile blanketi. Alipomfikia baba alilitupa begani kwake. "Shika blanketi lako, Mrundi wee. Baridi yote nawaachia ninyi." Utani unataka majibu, na watu waliyasubiri. Baba alilishika blanketi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema.

Uso wa mzee ukabadilika. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Usiniombe msamaha. Ukiniomba msamaha itakuwa kweli." Kisha akapanda lori.

Kutoka Muheza walipakiwa kwenye garimoshi mpaka Kigoma. Reli ile inapita Tabora, kwao kabisa. Sijui kama alishuka. Na kama alishuka, sijui nani pale angemtambua. Kaburi la mke wa mzee, baba alilipalilia mwenyewe, kila Ijumaa, na hakumtania tena mtu yeyote.

Baba alikufa wakati tunahamishiwa kijiji cha ujamaa, nusu ya nyumba ikiwa imeshaezuliwa. Tulimzika kwa adabu zote. Wanaume walikaa kimya kwenye majamvi, wanawake walilia kwa zamu, na hakuna aliyeharibu lolote. Koti la Iddi lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake. Nilimwona mama akilitazama, kisha anatazama mlango, kisha koti tena.

Jioni akainuka, akalitungua, akalivaa. Mikono ilimzidi. Akatembea mpaka mlangoni akiburuta mguu wa kushoto kama baba alivyouburuta, akasimama, akakohoa kile kikohozi chake. Alikipatia hasa. Kisha akageuka kututazama, akasubiri.

Hakuna aliyecheka. Mke si mtani wa mumewe. Nikaenda nikamvua koti, mkono mmoja, kisha mwingine.