Ubeti wa Pili wa Anti Njoki

Harufu ya kaimati zinazokaangwa, mafuta moto yakichanganyika na iliki, bado hunirudisha katika chumba chetu cha mtaa wa Al Mansoura, jijini Doha, juu ya duka la dobi, ambako kiyoyozi kilinguruma kutwa kucha na kudondosha maji ndani ya ndoo ya plastiki. Ilikuwa Ramadhani iliyoangukia katikati ya likizo ya kiangazi, na jua la nje lilikuwa la kufungia watoto ndani. Sisi hatukufunga. Tulikuwa Wakristo kutoka Nakuru, Mama akiwa muuguzi na mimi binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi. Lakini harufu ya futari haiulizi dini ya mtu. Ilitoka jikoni kwa jirani yetu Bi Salma, Mzanzibari aliyefanya usafi wa vyumba hotelini, ikapenya ukuta wetu mwembamba kila alasiri. Na kupitia ukuta huohuo, kutoka upande wetu, ilipenya sauti ya gitaa.

Gitaa lilikuwa la mama yangu mdogo, Anti Njoki. Aliimba katika ukumbi wa hoteli moja ya Al Sadd, na kwenye bango la mlangoni aliitwa Nancy, maana meneja alisema jina la Njoki lingewashinda wageni. Ramadhani ikiingia, muziki wa hotelini husimama mwezi mzima, kwa hiyo alifunga sanduku lake akaja kukaa nasi, akisema koo lake limepewa likizo. Likizo yenyewe hakuijua. Asubuhi Mama akishakwenda zamu, Anti aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akapiga gitaa mpaka chai yake ikapoa na kufanya utando.

Kwetu milimani watu wanaupenda muziki wa kantri kama chai ya maziwa, na Anti alikuwa ameulea tangu usichana. Alikulia katika kwaya ya kanisa, kisha binamu mmoja akamfundisha gitaa, na tangu hapo kilio cha kwaya na gitaa la kantri vikawa kitu kimoja kooni mwake. Aliimba katika vilabu vya Nakuru. Akarekodi kanda moja, yote nyimbo zake mwenyewe kwa Kiswahili, na redio ikaipiga Jumapili chache. Waliomsikia walidhani ni Mmarekani aliyejifunza lugha yetu, na alipokwenda studio kujitambulisha, mlinzi alimwambia asubiri huyo mwimbaji afike. Alikuwa akicheka sana akisimulia kisa hicho. Nabii hakubaliki kwao, lakini hata Doha hakukubaliwa, kwani hotelini alitakiwa kuimba nyimbo za watu wenye majina tu, na zake alizichomeka kwa wizi wakati wageni wakishughulika na sahani zao.

Mwezi ule alinifundisha wimbo mmoja. Mumewe, Kamau, alikuwa na desturi ya kumwachia taa ya chemni dirishani kila aliporudi usiku kutoka kuimba, ili asijikwae kwenye ngazi. Kamau alipofariki, Anti alirudi siku moja akakuta dirisha jeusi, akakaa kwenye ngazi na kutunga:

Kamau washa taa, nimefika mlangoni,
viatu vina vumbi, moyo una baridi.

"Usiukimbize, Wairimu," alikuwa akiniambia. "Huu wimbo hauna pa kwenda. Wacha ukae." Nami niliurudia hadi ukakaa. Sikuelewa kufiwa ni nini, ila nilielewa kwamba kwenye ubeti wa pili sauti yake ilishuka, na kwamba hapo sikupaswa kumwangalia. Bi Salma alikuja na sahani ya kaimati jioni moja, akasimama mlangoni akisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Kamau alikuwa mume," alisema, na akaenda zake kuwahi adhana.

Mimi ndiye niliyeupeleka wimbo kwa Mama. Nilikuwa namsaidia kuosha vyombo, nikauimba tu, mtoto anavyoimba. Mama aliacha kusugua sufuria. Wanawake wa ibada yetu ya Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha, walikuwa wamekwisha kumsema Anti, kwamba anaimba mahali penye pombe, na jambo lile lilimuuma Mama kuliko lilivyomuuma Anti mwenyewe. Akauona wimbo kama mlango wa kumwingiza dada yake kwa watu. Akaniambia niseme "Yesu" mahali pa Kamau, na ubeti wa pili tuuache. "Huo haufai kanisani, mum," alisema, akiniita hivyo kwa mapenzi huku akinifuta povu mkononi. Ninaamini alikusudia mema. Ninaamini pia kwamba nilijua si halali, kwa sababu nilipofanya mazoezi nilifunga mlango wa bafu na kufungua bomba.

Ijumaa baada ya Idi nilisimama mbele ya ukumbi mzima wa ibada nikauimba. Watu waliupokea mara moja, wakauimba tena na tena, wengine wakilia. Anti alikuwa ameketi karibu na Mama. Alipiga makofi pamoja na wote, kwa mwendo sahihi kabisa, lakini midomo yake haikufunguka. Baadaye mwanamke mmoja akauliza wimbo huo ni wa nani. Nilimtazama Mama. Mama akatazama viatu vyake, akasema, "Ni pambio la zamani la kwetu." Hakuthubutu, nadhani, kusema umetoka kwa mwimbaji wa hotelini. Yule mwanamke akamgeukia Anti kupata uhakika, na Anti akasema, "Ndiyo, la zamani." Mimi nilipewa juisi na keki, nikala vyote. Jioni Anti aliliingiza gitaa chini ya kitanda, na siku chache baadaye akarudi hotelini kuwa Nancy. Mkataba ulipokwisha akarudi Kenya, mji wa Ol Kalou, akafungua duka la chakula cha kuku. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini yeye alivyotupigia simu kila Krismasi na kutuchekesha, tulijipa moyo kwamba amepoa.

Baadaye mimi na Mama tulirudi Nakuru, na sasa nimekuja tena Doha peke yangu kwa kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Al Sadd. Pambio lile bado linaimbwa. Wanaoliimba leo wengi hawakuwahi kumwona Anti, na kiongozi wa sifa hulitangaza kuwa la wazee wetu, kwa sababu pambio, kwetu sote, halina mwenyewe. Nimeliimba nao tangu nirudi, nikiinua mikono. Mwezi uliopita Anti alipata kiharusi. Jumapili iliyopita akanipigia, maneno yakitoka polepole. "Wairimu, ubeti wa pili wa Kamau umenitoroka. Nimeutafuta usiku na mchana. Wewe nilikufundisha. Niimbie." Nikafungua mdomo. Nikaona nina ubeti wa kwanza tu, na wenyewe ukatoka na jina la Yesu. Anti alisubiri. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimejaa aibu.

Kisha nikamkumbuka mtu mmoja ambaye hakuwahi kuingia kanisani kwetu. Bi Salma siku hizi anakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na binti yake. Jana nilimkuta jikoni. Nilipomweleza shida yangu aliifuta mikono yake kwenye kanga, akaonekana kushangaa kwamba ninauliza. "Mwanangu, mwezi mzima nausikia ukutani, nitausahau vipi? Wallahi hata marehemu mume wangu nilimwimbia." Nikampigia Anti, nikaweka simu mezani kati ya unga na sukari, na Bi Salma akaimba, sauti yake ikikwaruza:

Kamau washa taa, hata kama hauko,
nitajua ni wewe, giza likipungua.

Halafu Anti akaushika wimbo, taratibu, akaumaliza pamoja naye. Nililia bila kujificha. "Mwambie Salma asante," alisema Anti. "Lakini anaukimbiza." Bi Salma akacheka. Kisha Anti akauliza kama kanisani bado tunauimba, nikasema kila Ijumaa, ukumbi mzima. Akauliza tena, "Na wanajua ni wangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Anti. Wanajua."

"Haya," akasema. "Haya basi." Na nilisikia jinsi alivyofurahi.

Nilipokuwa na miaka kumi nilisimama mbele ya ukumbi ule bila kutetemeka, nikaimba jina lisilokuwa la wimbo, nikapewa keki. Leo ni Alhamisi. Nimemwomba kiongozi wa sifa nafasi kesho kabla ya pambio, na nimempigia Mama kumwambia nitakachosema. Akaniomba niseme jina lake halisi, Njoki, nisiseme Nancy. Ni sentensi moja tu, ya kusema wimbo ni wa nani. Tangu asubuhi nimeijaribu bafuni mara nyingi, mlango ukiwa wazi, na kila ninapofika kwenye jina naanza upya.