Mwezi wa Nyongeza

Gioklan alishika panga la bucha akiwa na miaka kumi na tisa, mwezi uleule alioolewa, na kwa miaka thelathini na minne hajaliweka chini. Pande la kidole gumba cha kushoto lilibaki juu ya gogo la nyama siku ya mkesha wa mwaka mpya, wateja wakiwa kwenye foleni. Alikifunga kidole kwa kitambaa akaendelea kukata mbavu. Mteja mmoja aliwahi kumwambia nyama yake imelowekwa maji ili iongeze uzito, akarushiwa ini usoni. Soko zima la mji wa Silo linamjua, na wanaomsema vibaya huinamisha kwanza vichwa wasionekane midomo ikienda.

Lakini mwanamke huyo wa panga alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni wa nyumbani kwao. Mbele ya kaka yake Kaseng na mdogo wao Bunhiong alikuwa kama maji ya mtungi. Baba yao alipofariki, ubani haujaisha kwenye chetezo, Kaseng alimletea karatasi za kukana urithi.

"Piga muhuri, Lan. Wewe ni mtu wa ukoo wa watu sasa. Shamba ni letu, mama ni wetu. Tutamlisha sisi, wewe usiwe na wasiwasi."

Akapiga muhuri wa jina lake, ambao kwao ndio sahihi ya mtu. Kule kwao husemwa kwamba binti akishaolewa ni maji yaliyomwagwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Hakuomba hata tuta moja la vitunguu saumu. Alichotaka ni mama yake, Bibi Liau, mwenye miaka themanini na minne, ale na ashibe.

Wale ndugu wawili walikuwa na nyumba mbili zilizoshikana ukuta, kila moja na mlango wake wa chuma wa kuteremsha. Wakaandikiana mkataba kwa kalenda ya mwezi mwandamo: mwezi wa kwanza mama anakula kwa Kaseng, wa pili kwa Bunhiong, wa tatu kwa Kaseng, na kuendelea hivyo mpaka wa kumi na mbili. Wakapiga mihuri. Wakulima wazima, waliozaliwa na kalenda hiyo ukutani, wakasahau kwamba kila baada ya miaka miwili mitatu mwaka huongezwa mwezi wa kumi na tatu.

Kaseng alikuwa mnunuzi wa vitunguu saumu kwa gunia, mtu asiyeamini kitu kisichopita kwenye mizani. Kila mama alipobadilishwa nyumba, alimsimamisha pekupeku juu ya mizani ya magunia hapo uani.

"Nilikukabidhi kilo arobaini na tatu, unanirudishia arobaini na moja," alimfokea mdogo wake. "Umemlisha nini, mvuke wa sufuria?"

"Na wewe ulimpima na koti! Unadhani mimi mjinga?"

Mara ya kwanza mama alicheka nao, akadhani ni mzaha. Mara ya pili alivua viatu bila kuambiwa. Gioklan alipopata habari alikasirika hadi akaharibu nyama ya mteja, lakini hakwenda. Alijiambia maji yaliyomwagwa hayana mdomo. Huo ndio uoga wake, na aliulipia.

Ukaja mwaka wenye miezi ya sita miwili, wa kawaida na wa nyongeza. Katika mwezi wa nyongeza, kila binti aliyeolewa hupeleka kwa wazazi wake miguu ya nguruwe iliyopikwa na tambi, ili mkosi uwapite na umri wao urefuke. Gioklan alichagua miguu ya mbele yenye nyama nene, akaichemsha tangu alfajiri hadi ngozi ikawa inatetemeka kwenye mwiko. Siku ya kwanza ya mwezi huo, saa nne asubuhi, alipanda kigari chake cha nyama, sufuria kiti cha mbele, panga nyuma pamoja na ndoano.

Alimkuta mama yake uani, juani, juu ya kiti cha plastiki kilichowekwa sawasawa pale ukuta wa nyumba moja unapoishia na wa nyingine unapoanzia. Mfuko wa nguo magotini. Milango yote miwili ya chuma imeteremshwa.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nangoja."

"Unamngoja nani?"

"Bunhiong kasema mwezi wa sita umekwisha jana. Kaseng kasema wa saba haujafika." Mama alisema kwa upole, kana kwamba anaeleza habari za jirani. "Nakaa kidogo tu, watapatana."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu wakati wa uji. Uji wenyewe sijaupata."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nyayo zilikuwa nyekundu kwa sakafu ya saruji iliyowaka, na gauni lilikuwa limelowa mkojo na kukauka na kulowa tena. Gioklan aliitua chini sufuria aliyoshuka nayo. Alirudi kwenye kigari, akachukua panga, akaupiga mlango wa Bunhiong kwa mgongo wa panga mpaka chuma kikabonyea, kisha akaupiga wa Kaseng.

Walitoka wote wawili kwa mpigo, kila mmoja kwake.

"Dada, umepagawa? Mlango huu nimeubadilisha juzi!"

"Mama ana mkojo mwilini, wewe unaniambia mlango?"

"Mwezi wangu umekwisha," Bunhiong alisema. "Muulize kaka."

"Mkataba unasema wa saba ni wangu," Kaseng alijibu. "Leo ni wa saba? Wa saba ukifika nitamchukua."

"Mwezi wa saba ukifika, unawapangia mizimu meza nzima ya vyakula hapa nje! Mama yako mzima unamshindisha na njaa!" Bunhiong akamgeukia dada yake. "Na wewe usijifanye malaika. Nimemuuliza wakili. Sheria inasema watoto, haisemi wana wa kiume. Hata aliyekana urithi analazimika kumtunza mzazi. Kwa hiyo na wewe umo, dada."

"Mlipochukua shamba mbona hamkumuuliza huyo wakili?"

"Yaliyopita si ndwele," Kaseng akasema, na akaanza kuburura mizani. "Simchukui. Lakini apimwe sasa hivi, ijulikane kapungua akiwa kwa nani."

Bunhiong akamshika mama mkono amwinue ampeleke upande wa kaka yake. Kaseng akakisukuma kiti kirudi. Mama alitoa sauti ndogo, akapinduka baina yao, na kichwa chake kikagonga ncha ya mizani. Mshale wa mizani ukaruka hadi thelathini, ukarudi, ukatikisika. Sufuria ikapigwa teke, tambi zikamwagika juani, na damu ikaanza kumtoka mama juu ya sikio.

Hata hapo hawakumwinamia. Bunhiong alimpiga kaka yake ngumi ya mdomo, jino likadondoka. Kaseng akang'oa fimbo ya chuma ya kuvutia mlango, akamchapa nayo mdogo wake mgongoni, shingoni, popote. Mke wa Kaseng alikuwa dirishani juu akipiga kelele, "Mwache! Utamuua!" bila kushuka ngazi hata moja. Fimbo iliposhuka tena, ilimkosa Bunhiong ikampata Gioklan begani, naye ndipo alipoacha kuwa maji ya mtungi. Aliushusha mgongo wa panga kwenye mkono wa Kaseng. Mfupa ulilia kama mbavu inavyolia kwenye gogo, na fimbo ikaanguka.

Kisha akaligeuza panga, makali mbele, akamfuata Bunhiong. Yule bwana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa chuma cha mlango wake.

"Dada. Dada, mimi Bunhiong."

Angemuua. Tusidanganyane, mkono ulikuwa umeshainuka, na mkono ule haujawahi kukosa. Kilichouzuia ni sauti kutoka chini.

"Lan, hii miguu umeichemsha muda gani?"

Mama alikuwa ameketi sakafuni, damu ikimchuruzika shingoni, ameokota mguu wa nguruwe kwenye vumbi, anatafuna. Alikuwa na njaa, basi. Gioklan alilitazama panga, akalitupa chini ya kigari, akapiga magoti mbele yake.

"Saa nne, mama."

"Imelainika vizuri."

"Inuka twende kwangu."

Mama akaacha kutafuna. "Siendi. Nina wana wawili. Nikale wali wa ukoo wa mumeo, watu watasemaje? Nikifia huko nani atanifukizia ubani?"

"Mumeo" mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa sita, lakini ukoo haufi. Gioklan alijua mama yake angeweza kukaa juani siku thelathini kuliko kuuvunja mwiko huo. Akatafuta neno, na neno likaja lenyewe.

"Mama, mwezi huu ni wa nani?"

"Ndiyo wanagombana."

"Si wa sita wa Bunhiong, si wa saba wa Kaseng. Mwezi wa nyongeza ni wa mabinti. Kwani wewe hukumpelekea bibi miguu ya nguruwe? Mwezi huu ni zamu yangu."

Mama aliwaza. Alimtazama Kaseng aliyekuwa akigumia na mkono wake, akamtazama Bunhiong, akautazama mfuko wake.

"Kweli," alisema. "Basi mwezi mmoja tu."

Polisi walikuja sokoni siku ya pili, kwa mashtaka ya Kaseng. Kesi ikafikishwa kwa wasuluhishi kwenye ofisi ya mji, Kaseng mkono ukiwa kwenye plasta. Aliahidi kufuta mashtaka kwa sharti moja: Gioklan abaki na mama moja kwa moja, na asije akawadai wao gharama ya matunzo, si leo si kesho. Msuluhishi, mwanamke mmoja wa miwani, aliisoma karatasi mara mbili akachukia waziwazi.

"Bi Gioklan, unajua unachokubali? Dawa, nepi, hospitali, mazishi, yote juu yako. Unaweza kukataa ukawashtaki."

"Nikiwashtaki, mama atakaa wapi wakati mnasikiliza?"

Msuluhishi aliisogeza karatasi mbele yao. Wale ndugu, ambao hawakuweza kumtafutia mama bakuli la uji, walitoa mihuri mifukoni kabla wino haujafunguliwa.

"Mara ya kwanza nilipiga muhuri mkachukua shamba," Gioklan aliwaambia. "Leo angalau naondoka na kitu."

Ni rahisi kusema hivyo ofisini. Nyumbani alimbeba, alimwogesha, alimgeuza ubavu. Alifunga bucha saa nne asubuhi badala ya saa sita mchana, na wateja wakahamia kwa jirani. Akili ya mama nayo ilianza kumponyoka. Alimrushia bakuli, alimwita mwizi, alipiga kelele dirishani kwamba mchinja nguruwe amemteka. Gioklan alivumilia, kisha akavumilia akisaga meno.

Siku moja ya mwezi wa kumi alirudi akakuta ukuta umepakwa kinyesi toka kitandani hadi mlangoni. Alipomshika amsafishe, mama alimng'ata kifundo cha mkono mpaka meno yakagota mfupa. Gioklan alimpiga kofi. Halafu la pili, hilo la kukusudia.

Mama alijikunyata pembeni, mikono juu ya kichwa, akaanza kuvua kandambili.

"Nimeshiba," alisema. "Nimeshiba, msinipime."

Gioklan aliketi kwenye sakafu iliyolowa akalia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Alikuwa ameshamhukumu Kaseng, ameshamvunja mkono, na sasa ameuona mkono wa Kaseng kwenye mwili wake mwenyewe. Hakujisamehe. Kuanzia siku hiyo, alipohisi damu inachemka, alitoka kwenda uani akapasua mifupa ya supu mpaka damu ipoe, na siku nyingine mifupa ilipasuka mingi sana.

Kila siku ya mwisho ya mwezi, mama alifungasha nguo zake tatu, akakaa kwenye kiti mlangoni, mfuko magotini.

"Leo nakwenda kwa nani?"

"Bado mwezi wa nyongeza, mama."

"Haujaisha?"

"Haujaisha."

Naye aliridhika, akarudi kitandani na mfuko wake bila kuufungua. Ulikaa hivyohivyo, umefungwa kamba, chini ya mto. Wanawe hawakuja kumtazama, si siku ya sikukuu, si siku ya kawaida.

Mwaka mpya ulipokaribia, baridi ikashuka hadi mafuta ya nguruwe yakaganda kwenye gogo. Siku ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili mama aliamka macho maangavu, akajifungia mfuko, akakaa mlangoni. Alitazama watu wakipita na makoti, wamebeba machungwa ya sikukuu.

"Lan. Mwezi huu mrefu."

"Mrefu sana, mama."

"Mwezi wa sita hauna baridi hivi."

Gioklan aliacha kukata nyama ya sikukuu hapo kando yake. Uongo mwingine haukumjia. Mama aliutazama mkono wa binti yake wenye kovu la meno, akaugusa kwa kidole kimoja.

"Basi usiwaambie wanangu kwamba umekwisha," alisema.

Akaifungua kamba ya mfuko polepole, akazitoa zile nguo tatu, akauliza zikae droo gani.