Raba ya Landrova na Shuka Jeupe la Bi Pili

Vumbi la barabara ya Mohoro lilinukia kama chungu kipya kilichomwagiwa maji, na ladha yake naijua kuliko ladha ya sukari, maana sukari ilikuwa ikija dukani na kupotea, lakini vumbi halikuwahi kuadimika hata siku moja. Lilituingilia ndani ya landrova ya baba kupitia tundu la hewa, lile la chini ya kioo cha mbele, lenye kifuniko cha bati ambacho dereva hukifungua na kukifunga kwa mkono akiwa amekaa kitini. Kifuniko chenyewe kilikuwa kizima. Kilichokufa ni raba yake, ule ukanda wa mpira unaozunguka tundu ili kifuniko kikishalala juu yake pasipite kitu. Ilikuwa imekauka, imepasuka na kunyofoka, na mabaki yake yalifanana na meno ya mtu aliyebakiwa na matatu. Mpaka mfike Nyamwage, mapaja ya abiria wa mbele yalikuwa na udongo wa kutosha kupanda mihogo, na naapa ingezaa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia nchini kwa wingi. Kanga mpya, redio mpya, sabuni zenye harufu ya maua tusiyoyajua. Mohoro ikapata pikapu nyeupe, mali ya mtoto wa mwenye duka la nguo, iliyofungika madirisha kama kopo la maziwa. Abiria wakatuhama. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga akawa anapita kwetu kila asubuhi kuitazama injini ya landrova, akiigonga boneti kwa vidole kama anayechagua tikiti maji, maana mashine yake ilikuwa imekufa na alihitaji kitu cha kuizungusha. Baba alikuwa amebakiza tumaini moja: kumpeleka Mwanahawa, binti wa jirani yetu, kwa mumewe Kibiti siku ya Jumamosi. Nilimsikia akimwambia mama, "Nikiikosa na hii, mwenye mashine aje achukue injini yake." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ile landrova ilinilisha, ilinivisha na kunipeleka shule, na siku hiyo niliona kama baba amesema ananiuza mimi.

Jumatatu akaja Bi Pili, tambuu shavuni. Huyu ndiye aliyekuwa kungwi wa Mwanahawa, aliyemfunda na ambaye angefuatana naye hadi chumbani kwa mume, na kwetu neno la kungwi kwenye harusi huwa zito kuliko la baba mzazi. Alipitisha kidole kwenye kiti cha mbele, akakitazama, akamtazama baba.

"Selemani, mtoto nimemsinga liwa mwili mzima siku saba, anang'aa mpaka taa zinamwonea haya. Unataka nimfikishe Kibiti kama muhogo uliong'olewa sasa hivi?"

"Nitaziba, Bi Pili."

"Ziba. Alhamisi baada ya adhuhuri nitakaa hapa mwenyewe, na shuka langu jeupe mapajani. Twende Nyamwage, turudi. Likichafuka, naita pikapu."

Sasa, babu yangu alikuwa fundi wa mashua, na baba alilelewa akiamini kwamba dunia nzima huzibwa kwa namna moja. Jumanne akachukua pamba, akailowesha mafuta ya papa, akaisokomeza kuzunguka tundu kwa patasi na nyundo, kama wanavyotia kalafati kwenye mianya ya mbao za mashua. Ikaziba kweli kweli. Baba akajisifu kwamba sasa anaweza kuiendesha landrova juu ya maji hadi Mafia na kurudi. Lakini mashua haina injini inayochemka puani, wala haiegeshwi juani siku nzima. Ilipofika saa saba mafuta yakaanza kuchuruzika ndani, yakalowesha kiti, na ikanuka harufu ambayo iliita paka wote wa Mohoro, na nadhani na wa Utete walishaanza safari. Bi Pili alipita barabarani, hata hakusimama. "Selemani," akasema kwa sauti ya mtaa mzima, "huyu bibi harusi anaolewa na mwalimu, haolewi na mvuvi!"

Baba akakaa kizingitini, nyundo bado mkononi. Mimi nikachukua bisibisi.

Sikuwa fundi. Nilichokuwa nacho ni chupa ya chai ya mama. Nilikuwa nimeona ndani ya kifuniko chake kuna pete ya mpira, na ile pete haikusokomezwa popote. Inalaliwa tu, inabonyea, basi chai haimwagiki. Nikamwambia baba kuwa tundu lake halitaki kujazwa, linataka kitu cha kubonyea. Akanitazama kama nimemsomea aya ambayo hakuijua. Jumatano sikwenda shule. Nilikwangua pamba yote, nikasugua bati kwa maji ya moto, sabuni na majivu, halafu msasa, mpaka vidole vikawa laini na vyekundu kama kamba wa kuchemsha. Tukakata ukanda kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori, tukaukunja mara mbili, tukaugandisha kwa solusheni ya kuzibia pancha. Tulipofunga kifuniko, mwanga ukapenya kwenye kona. Nikabandua. Wa pili ukawa mnene mno, kifuniko kikagoma kufunga hata baba alipokikalia, na baba hakuwa mtu mwepesi.

"Yatosha, mwanangu," akasema.

"Bado, baba."

Wa tatu niliukata mwembamba. Kabla ya kuusifu nikaupaka unga wa mchele juu yake wote, nikafunga kifuniko taratibu, nikafungua. Palipogusana, unga ulihamia kwenye bati. Pasipogusana, bati lilibaki tupu, na hapo ndipo vumbi lingepita. Palikuwa na mapengo manne. Nikayaongezea vipande vyembamba kama ukucha, nikapaka unga tena, nikafunga, nikafungua. Nadhani nilirudia mara mia tano. Mama anasema mara sita. Baba akaacha kusema yatosha, akachukua kisu kingine, akaja kukaa karibu yangu kukata vipande. Unga ulipochora mstari usiokatika, aliweka kisu chini. Alipanda, akafunga na kufungua kile kifuniko mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi Bi Pili akaketi kwenye kiti tulichokisugua mpaka kikapauka, shuka limetandazwa mapajani, uso kama hakimu. Tulifuata nyuma ya lori la mkaa makusudi, maana baba alikuwa ameshapandwa na kiburi. Tuliporudi, akaliinua shuka kwenye mwanga, akaligeuza, akaganda. Palikuwa na doa jekundu.

"Hili nini, Selemani?"

Nikachungulia. "Hiyo tambuu yako, bibi."

Akagusa mdomo wake. Akacheka mpaka landrova ikayumba, akanipiga kofi la mgongoni lililobaki kuniuma wiki nzima. "Jumamosi saa nne," akamwambia baba. "Na huyu mtoto aje, akae na mimi mbele."

Mwanahawa alishuka Kibiti mweupe kama alivyopanda, pamoja na saa zote tulizongoja pantoni ya kuvukia mto, na vigelegele vilisikika, kwa makadirio yangu, hadi Dar es Salaam. Mwenye mashine alikuja kuipata ile injini, lakini ni miaka tisa baadaye, na ni baba aliyemwita. Nami nilipokuwa mtu mzima, ninasoma kidato cha nne kwa masomo ya jioni, hesabu ziliniangusha mara mbili, nikabandua nikaanza upya bila kuona aibu.

Mwaka jana Mwanahawa alimwoza kitindamimba wake, akaja mwenyewe Mohoro kutuchukua ndugu na majirani. Gari lilikuwa la kukodi, vioo vinapanda kwa kubonyeza, ndani baridi ya kuvalia sweta, na barabara ni lami na daraja. Tulipokuwa tukipanda alinishika mkono.

"Siwema, kaa mbele."

"Kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu. Kaa tu."

Nikakaa mbele, mikono mapajani, bila kazi yoyote duniani, hadi Kibiti.