Katambuga Mlangoni

Mpiga picha aliyekuja Ruponda kuupiga picha msikiti wa zamani kabla haujabomolewa hakutaka mtu ndani ya picha zake. Kamera yake ilikuwa na macho pande zote, basi aliisimika katikati ya nguzo, akawatoa watu na viatu vyao. "Kwani sisi nzi?" Huzaifa, mmoja wa waliotolewa, alinung'unika. Mpiga picha alibonyeza kitufe. Alijibanza nyuma ya ukuta, akahesabu kwa mnong'ono. Kichwa kikichungulia, jioni alikifuta kwenye kompyuta kwa kidole chenye kucha fupi, taratibu, kama anayefuta vumbi.

Msikiti ulipokwisha kubomolewa, alirudi na miwani mikubwa ya kuonea picha zile. Bi Swaumu, mjane wa muadhini, alikuwa akiingoja: alitaka kupaona mara moja tu mahali alipoadhini mumewe. Akavishwa pale pale kwenye kifusi. Akageuza shingo, akaziona nguzo, akauona mlango na viatu vya matairi kizingitini. Akaganda.

"Hizi katambuga za marehemu! Hiyo kamba ya kijani nilifunga mimi. Tulizigawa siku ya arobaini, kabla wewe hujaja, zikaenda kijiji cha Kiegei."

Sauti ya mpiga picha, iliyozoea kuamuru, ikashuka. "Nimezifuta mara tatu, bibi. Kila nikifungua picha, zipo. Nizifute tena?"

"Ziache, mjukuu wangu. Mwenyewe hajamaliza kuswali."

Mpiga picha alikitazama kile kifusi kitupu. Kisha akainama, akavua viatu vyake.