Nguo Mpya Hupewa Maji Kwanza

Sie tuliokulia Manzese enzi za pasi ya mkaa tulizitazama nguo mpya siku nzima kabla ya kuzivaa. Tulizikodolea macho zikiwa zimelowa kwenye kamba, zinachuruzika, nasi tumekaa kibarazani na nguo zetu kuukuu tukiomba jua lisiingie mawinguni. Kuna wenzangu, najua, ambao kwao nguo ilitoka dukani ikaenda mwilini. Kwetu ilitoka dukani ikaenda kwenye beseni, na hakuna kilio cha mtoto kilichowahi kuizuia.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Upareni, aliyeshuka milimani na Kiswahili chake cha kukokota na sheria zake ambazo hata Baba, karani wa watu mjini, hakuthubutu kuzigusa. Nguo yoyote iliyoingia nyumbani kwa mara ya kwanza ilikuwa lazima ifuliwe. Iwe ya dukani, iwe imetoka kwa fundi, iwe zawadi ya mjomba, hakujali. Maji ya moto, konzi ya chumvi ili rangi isichuje, sabuni ya mche, kisha ianikwe, kisha ipigwe pasi ndani na nje. Pasi yenyewe tuliupuliza mkaa wake mpaka machozi yakatutoka, tukaitelezesha kwanza juu ya jani la mgomba ili isigandie kitambaa. Ukimuuliza kwa nini tusumbuke hivyo alikuwa na jibu moja tu, na hakulibadili mpaka anaondoka duniani: "Nguo mpya ni mgeni. Mgeni hupewa maji kwanza."

Na mitumba ndiyo usiseme, hiyo aliichemsha. Siku moja alimnunulia dada yangu mkubwa, Neema, koti la bluu lililoshonewa shingoni kitambaa kidogo chenye jina la mtoto wa Kizungu. Tulicheka, mie nikawa namwita Dada Neema kwa jina lile kila nikitaka kumuudhi. Mama hakucheka. Alilipapasa lile jina kwa kidole gumba, akauliza kwa sauti ya chini, kama anajiuliza mwenyewe, kama yule mtoto yuko mzima. Halafu akalitumbukiza koti kwenye sufuria. Nilikuwa mdogo, nikaona ni mambo ya ajabu kumuulizia hali mtu usiyemjua, tena kwa sababu ya koti tu. Siku hizi sioni ajabu yoyote.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Bi Shamsa, wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mtaani miaka na miaka, mwenye duka la vitambaa pale barabarani. Binti yake Rukia alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Siku ya Idi Rukia alitoka na gauni lililotoka kwenye karatasi asubuhi ileile, mikunjo bado inaonekana mgongoni, limefukizwa udi mpaka ukimsogelea unasahau ulichotaka kusema. Jamani, nilimwonea wivu! Mie harufu ya upya niliijua kwa kuisikia kwa Rukia. Bi Shamsa naye akimkuta Mama anafua magauni yetu ya Krismasi alikuwa anamtania kwamba nguo ya sikukuu ukiifua umeifukuza sikukuu yenyewe. Mama akamjibu kwamba muuza duka hawezi kusema vinginevyo. Walikuwa wanataniana hivyohivyo kila mwaka, halafu wanapelekeana biriani na kande.

Kuna Krismasi moja sitaisahau. Mama alichelewa kupata nafasi, magauni yakafuliwa mkesha wa sikukuu, na mvua za vuli zikasema leo ni leo. Kila tukianika inanyesha, tukianua inaacha. Mwisho yakaning'inizwa jikoni juu ya jiko, yakanuka moshi, na asubuhi Dada Neema akapewa kazi ya kuyakausha kwa pasi. Alikuwa ana haraka, kengele ya kanisa inalia, cheche ikaruka ikatua kwenye gauni langu, chini tu ya kola. Tundu likatokea, tena mbele. Dada alilia kuliko mie mwenye gauni. Mama hakumpiga wala hakumfokea, alikata kipande kwenye upindo, akakunja ua dogo, akalishona juu ya lile tundu huku tumesimama mlangoni. Tukaenda kanisani na unyevu wetu. Nilipoinuka kuimba, benchi lilibaki na alama ya makalio yangu, na watoto wa nyuma hawakuisikia ibada tena.

Tangu siku hiyo Dada Neema alishika kufua kama watu wanavyoshika dini. Kila alichofundishwa na Mama alikifanya vilevile, hakuongeza wala hakupunguza. Mie nilikuwa mbishi, nilikuwa natoka na blauzi mpya chini ya nguo ya shule nikidhani nimemweza Mama. Dada hakuwahi. Naliandika hili mapema ili mtakapofika mbele msimlaumu.

Ukaja pia mwaka wa upele. Darasani tulikuwa tunaandika kwa mkono mmoja, mkono mwingine unakuna. Walimu wanakuna, watoto wanakuna, hata mzee mpiga kengele tulimwona anajisugua mgongo kwenye nguzo. Nyumbani kwetu hakuna aliyejikuna. Nilitegemea Mama atajisifu, maana hata Bi Shamsa alikuja mwenyewe kuuliza chumvi inatiwa kiasi gani. Mama akamwonyesha kimyakimya, akampa na kipande cha sabuni.

Sasa watazameni wa leo. Binti yangu Upendo anachagua gauni kwenye simu amelala kitandani, jioni bodaboda analeta mfuko hapa kwetu Kimara, mfuko unachanwa kwa meno, na kabla sijauliza hilo gauni limetoka wapi ameshalivaa anajipiga picha. Wengine ndiyo kabisa, wanavaa na lebo wameichomeka ndani, wanapiga picha, halafu nguo inarudishwa kwa mwenyewe ikavaliwe na mwingine. Nikimwambia habari za beseni ananiita mshamba kwa upole, kwa sababu nimemlea vizuri. Ngozi yake haina hata kipele. Kwa hiyo sina hoja, nabaki na maneno ya marehemu tu.

Mama alizeekea Manzese, nyumba ileile, Dada Neema akikaa naye. Kwanza miguu ilimgomea, baadaye moyo. Katika ile miezi ya mwisho nilikwenda Kariakoo nikamtafutia doti ya khanga, ya kijani yenye miti ya njano, rangi alizozipenda tangu zamani. Nilipompa aliitandaza mapajani ikiwa bado haijakatwa, ngumu kwa wanga wa kiwandani, akaipapasa kwa muda mrefu. Nikamwambia niifue palepale ili aanze kujifunga. Akakataa. Akasema mie nafua kwa mashine, na mashine haina mikono. Dada Neema naye akajitolea, akakataliwa vilevile.

"Hii niachieni," alisema. "Nitaifua mwenyewe, nikipata nguvu."

Kila nilipokwenda kumwona nilikuwa naitupia jicho ile khanga. Iko palepale rafuni, imekunjwa, doti nzima. Nikimuuliza ananiambia bado, mwanangu, nikipata nguvu. Nami nilitamani sana nimwone amejifunga khanga niliyomnunulia, hata siku moja tu, akiwa ameketi kitandani. Kwa mwingine ungesema jifunge tu, mama, nani atakusuta? Kwa Mama usingeweza. Nguo isiyofuliwa haikupanda mwilini mwake alipokuwa mzima, na ugonjwa haukumbadilisha.

Nguvu hazikuja. Tulimzika Upareni kwao, tukarudi Dar, na mie nikaanza kuumwa na kitu ambacho sikumwambia mtu. Nilikuwa naitafuta harufu yake. Mama alikuwa ananukia karafuu, maana alizitafuna kwa ajili ya jino lake bovu, na mafuta ya mgando, na dawa ya kuchua miguu, na kidogo moshi wa mkaa ambao haukumtoka hata baada ya kuletewa jiko la gesi. Nilipofumba macho niliweza kuuona uso wake, sauti yake naisikia mpaka leo, lakini harufu ilikuwa inanitoka siku hadi siku. Nikajituliza kwamba lipo sweta lake la kahawia, lile lenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake, alilolivaa asubuhi na jioni. Siku ya kugawa nguo za marehemu nitaliomba hilo tu. Vingine wachukue wanaotaka.

Siku ikafika. Nilishuka basi la mwendokasi Manzese nikiwa nimeshapanga hata mfuko wa plastiki wa kulifungia lile sweta ili harufu isitoke. Nikaingia uani.

Kamba zote zilikuwa zimejaa. Magauni ya Mama, vitenge, mashuka, khanga zake kuukuu, soksi, hata vitambaa vya kichwani, vyote vimeanikwa, vimekauka, vinapepea. Mashangazi walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakisubiri. Dada Neema alikuwa anavianua kimoja kimoja na kuvikunja, macho yamemvimba kwa uchovu. Kumbe alikuwa amefua tangu juzi yake, peke yake, kwa mkono.

"Dada, umefua zote?" nilimuuliza.

"Zote," alisema. "Sasa zingeendaje kwenye miili ya watu hivihivi? Mama angenisuta huko aliko."

Alisema kweli. Kwa hao mashangazi zile zilikuwa nguo mpya, na nguo mpya ni mgeni. Hakukosea hata hatua moja, sabuni tu ndiyo iliyobadilika. Nikalifuata sweta la kahawia kwenye kamba, nikalibana usoni kwa mikono miwili. Lilikuwa linanukia maua. Ile sabuni ya unga ya siku hizi, yenye marashi ndani, maua gani sijui, hayajawahi kuota Manzese. Angetumia sabuni ya mche labda ningebaki na kitu, ningeikumbuka mikono yake kwenye beseni. Nilirudia tena na tena, kwapani, kwenye kola, chini ya kile kifungo. Hakuna karafuu, hakuna dawa ya kuchua. Nililia mbele ya watu kuliko nilivyolia kaburini.

Dada akaja akanishika bega, akidhani ni uchungu wa kawaida. Ikabidi nimweleze kwamba nilikuwa nimeifuata harufu ya Mama.

Aliniachia bega. Akaenda mwanzo wa kamba, akashika gauni la kwanza akalinusa. Akashika la pili. Akapita kamba nzima hivyo, nguo kwa nguo, mashangazi wanamwangalia, mpaka akafika kwenye vitambaa vya kichwani mwishoni. Akavinusa navyo. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaitazama mikono yake iliyobabuka kwa sabuni.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza. "Mdogo wangu, mbona hukuniambia?"

Ningemwambia nini? Nani angejua kwamba jambo kama hilo huagizwa?

Baada ya muda aliinuka akaingia ndani. Alirudi na ile khanga ya kijani, bado imekunjwa kama nilivyoileta. Akasema hiyo hakuigusa, kwa kuwa Mama aliagiza aachiwe. Niliipokea nikainusa, na najua mnanielewa kwa nini nilitumaini. Ilinuka wanga na duka. Katika nyumba ile nzima ilikuwa ndiyo nguo pekee ambayo haikufuliwa, na ndiyo pekee ambayo Mama hakuivaa.

Nguo ziligawiwa, mashangazi wakashukuru, wakazisifu kwa usafi. Sweta nilimwachia Dada Neema, nikamwona analikunja kwa uangalifu uleule wa siku zote. Mie nilirudi Kimara na khanga.

Zamani tulililia nguo zilizolowa kwenye kamba kwa sababu zilituchelewesha, na tulikuwa na hakika zitakauka, zitapigwa pasi, na Mama mwenyewe atatuvika. Leo nguo zinafika zimekauka, hazina wa kuzisubiri. Juzi Upendo alifungua kabati langu kutafuta mkanda, akaiona ile khanga, akashangaa mbona nzuri hivi na siivai. Nikamwambia haijafuliwa. Akasema, kwa upole wake uleule, si aniwekee kwenye mashine basi, dakika chache tu imekwisha.

Nikaichukua mikononi mwake, nikairudisha rafuni.

"Iache," nikamwambia. "Nitaifua mwenyewe, nikipata nguvu."