Kilima Kilichomkwamisha Mjomba

Nimewahi kufungiwa ndani ya gari na kilima. Cheka tu, lakini nisikilize kwanza.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la kliniki, lile refu la kupandia milima. Siku hiyo mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa inamwagika tangu alfajiri.

Kule juu kulikuwa na mama aliyejifungua asubuhi na damu ilikuwa haikatiki. Dada nesi alikaa pembeni yangu, amepakata boksi la baridi lenye mifuko miwili ya damu.

"Dereva, tuna saa moja," aliniambia.

Nikamjibu asiwe na presha, yuko na fundi.

Hapo kuna kitu lazima mkijue. Kabla yangu, gari lile aliliendesha mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha kazi. Msimu uliopita alikwama kwenye kilima hichohicho kutwa nzima, chanjo zote zikaharibika.

Mganga mkuu akaniita niseme ninachojua, maana nilikuwa msaidizi. Nikasema mzee matope yamemshinda. Sikusita hata kidogo.

Mjomba akatolewa, funguo nikapewa mimi.

Basi tukaanza kupanda. Katikati ya kilima njia imechimbika, ina kuta za udongo pande zote mbili. Nikaingiza gia ya magurudumu manne kwa mbwembwe, nikakanyaga mafuta.

Gari likayumba, likarudi kinyumenyume, likajibana kwenye ukuta wa kushoto.

Magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, matope yanaruka mpaka kwenye vioo. Mlango wa dada umezibwa na udongo. Wangu ulifunguka upana wa kiganja, basi.

Nikajaribu mbele. Nikajaribu nyuma. Kila nikikanyaga, tunazama zaidi.

Mle ndani hewa ikawa nzito, vioo vikajaa ukungu. Niliogopa, sitadanganya. Dada nesi hakunigombeza, alikuwa anatazama saa tu, na mimi nilitamani anitukane.

Mwishowe akatoa simu ampigie mjomba. Nilimsihi asipige. Akapiga, akaweka spika.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Loki umefunga?"

Sikuwa nimezifunga.

Gari lile ni la zamani. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna loki, unashuka unaizungusha kwa mkono. Usipozifunga, hata uweke gia gani, magurudumu ya mbele hayavuti.

Mjomba alikuwa anazifunga mvua zikianza na hazigusi tena mpaka kiangazi. Mimi kila Jumamosi nikilipeleka gari mjini kuoshwa, nilikuwa nazifungua ili usukani uwe mwepesi kwenye lami. Kuzifunga tena nilikuwa nasahau.

Kila Jumamosi, jamani. Hata enzi zile nikiwa msaidizi wake.

"Mjomba," nikasema, "siku ile uliyokwama..."

"Nilizikuta wazi. Gari lilikuwa limeshazama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mwanao alikuwa na wiki mbili. Wangekufukuza. Toka dirishani uzifunge, mama wa watu anasubiri."

Akakata simu.

Nikajipenyeza dirishani, nikatumbukia kwenye matope. Loki ya kulia ilifungika mara moja. Ya kushoto ilikuwa imezikwa ukutani, nikaifukua kwa kucha huku nalia.

Nilipokanyaga mafuta tena, magurudumu ya mbele yaling'ata udongo. Gari likatoka taratibu, likapanda.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Yule mama yupo, na mtoto wake sasa anakimbia.

Kesho yake nilikwenda kwa mganga mkuu, nikaeleza yote, nikaweka funguo mezani. Mjomba akarudishwa. Mimi nilinusurika kufukuzwa kwa sababu mjomba aliniombea, nikarudi kuwa msaidizi.

Ninachowaachia ni hiki: mwenzako akikwama, kabla hujamsema, kumbuka kwanza wewe uligusa nini.

Mpaka leo, kabla hatujaondoka, mjomba anachungulia dirishani na kuniuliza, "Mjomba, loki?"

Anajua zimefungwa, alizifunga mwenyewe. Nami najua. Lakini nashuka, napiga magoti mbele ya gurudumu, nakagua.